Siti imevaa suti, lakini ilishakufa

KUTOKA NJIA PANDA
Na Tumaini Kihwele

Alhamisi iliyopita nilipanda Noah pale Nyololo, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu umelala juu ya barabara kama umelipia nauli. Nilikuwa naenda Mafinga. Nilipoingia nikafurahi: siti leza nyeusi tii, imeshonwa vidirisha vidirisha kwa uzi mwekundu, inanukia upya. Nikajisemea leo nimepata gari la maana.

Hatujafika Sao Hill, nimeshaegemea paja moja kama mtu mwenye jipu. Kitu kilikuwa kinanichoma kutoka chini. Niliposhuka Mafinga kitenge changu kilibaki nyuma yangu kidogo, kimeng'ang'aniwa na ncha ya waya iliyotoboa ile leza mpya. Nikamwita konda aone. Akaangalia kitenge, akaangalia siti, kisha akanijibu kwa unyenyekevu kabisa: "Mama, hiyo siti imevaa kava jipya Jumamosi tu."

Nikamwambia, mwanangu, hata marehemu huvalishwa suti.

Kwenye barabara hii yetu siti huhukumiwa kwa macho. Kava likichanika, mwenye gari anaona aibu, anakimbilia kwa fundi, linapigwa jingine juu yake. Kava likiwa zima, siti ni nzima. Kumbe mambo ni kinyume. Kava lililochanika ni doa tu. Ninayekaa sikalii kava, nakalia sponji, na sponji likifa hakuna wa kuliona.

Kwa kuwa nilikuwa na hasira na muda, nilikwenda kwa fundi siti mmoja ninayemfahamu pale Mafinga, anayeshonea chini ya bati, cherehani yake ya miguu imefungwa mpira wa baiskeli mahali pa mkanda. "Kamwene, fundi." "Kamwene, dada, karibu, usikae hapo." Hapo palikuwa na benchi la nyuma la Hiace, limelala kifudifudi. Nilimtazama akilivua. Kwanza alikata kwa koleo zile pete ndogo za waya zinazobana kava kwenye fremu, moja moja, akizidondosha kwenye kopo. Ikatoka leza ya kahawia. Chini yake kulikuwa na kitambaa cha maua. Chini ya maua kukawa na kava la kijivu lililokuja na gari kutoka Japani, bado lina alama ya kiwandani. Katikati ya tabaka hizo historia yote ya wilaya yetu ya Mufindi: punje za mahindi, maganda ya karanga, unga wa mbao, sarafu ya shilingi 50.

Halafu sponji lenyewe. Pembeni lilikuwa bado na umbo, lakini katikati, panapokaliwa, limekuwa rangi ya chai ya rangi na limesagika. Fundi akalibonyeza kwa dole gumba. Alipotoa kidole, shimo likabaki. "Hili lilikufa enzi za maua," akasema.

Hicho ndicho kipimo, na hakina gharama. Bonyeza katikati ya siti kwa dole gumba mpaka lizame, kisha achia. Sponji hai hukifuata kidole chako juu. Lililochoka hurudi polepole kama mtu aliyeamshwa usiku. Lililokufa halirudi. Kipimo cha pili ni kuinama na kutazama sakafuni chini ya siti: ukikuta unga wa njano au kahawia ambao si wa mbao wala wa sembe, hilo ni sponji linalosagwa na springi kila gari linapopita tuta. Ukiuona unga huo, usinunue kava. Nunua sponji.

Si uchawi. Sponji la gari ni plastiki iliyofurishwa hewa, mjukuu wa ugunduzi wa Mjerumani Otto Bayer wa mwaka 1937. Ndani yake kuna vijumba vidogo visivyohesabika, na kila unapokaa kuta zake hujikunja. Siku moja zinakatika. (Kabla ya sponji hili kuenea, viti vya magari vilijazwa manyoya ya farasi, na Volkswagen za kobe zilikaliwa juu ya makumbi ya nazi yaliyogandishwa kwa mpira. Mtu wa pwani angeshangaa kujua kumbi la nazi lilifika mpaka Ujerumani likawa kiti.) Kiwandani sponji humwagwa kwenye umbo la siti hiyo hiyo, zito na gumu kiasi. Mafundi wetu wakibanwa bei na mwenye gari hukata kipande cha godoro jepesi la kitandani, wakakipachika. Godoro hubeba mtu aliyejilaza, uzito umetawanyika. Kwenye siti uzito wote unashuka mahali pamoja, tena unaruka. Miezi michache tu, umerudi kwenye waya.

Huku kwetu kuna la ziada: maji. Dar es Salaam kava hupigwa na jua la dirishani mpaka linapauka na kupasuka, lakini sponji likiloa linakauka upesi zaidi. Nyololo abiria anaingia na koti linalochuruzika, anakaa, kiti kinakunywa. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Mufindi ikiwa kali, sponji lililoloa huweza kukaa wiki nzima bila kukauka. Linaota ukungu kwa ndani, na harufu yake mnaijua, ile ya gunia la viazi lililosahauliwa stoo. Siti ikishanuka hivyo baada ya kuoshwa na kuanikwa, imekwisha. Manukato ya kuning'iniza kwenye kioo hayaondoi ukungu.

Na hiyo leza inayopendwa na kila mtu sasa hivi? Mimi siipendi kwenye njia hii, nasema wazi. Mafinga iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi ukiikalia leza unaruka kama umekalia bati lenye sakitu. Gari hilo hilo likishuka kupita Makambako mpaka Igawa, kwenye joto la Usangu, mchana unabanduka kitini kwa sauti. Pembeni wekeni leza, kwa sababu hapo ndipo watu wanapojiburuza kuingia na kutoka. Katikati wekeni kitambaa.

Wenye magari binafsi msinielewe vibaya. Kama ubavu wa siti ya dereva umekwaruzika kwa kushuka na kupanda lakini sponji linajibu dole gumba, tia kiraka, kula maisha. Sioni sababu ya mtu kukopa ili siti ipendeze. Ila kabla ya kuvisha kava la kubana, tazama ubavuni mwa kiti cha mbele. Ukiona kibandiko kilichoandikwa SRS AIRBAG, ndani yake kuna mfuko wa hewa unaotakiwa kupasua mshono pale ajali inapotokea. Kava lisilo na mwanya wake linaweza kuuzuia. Na mkanda ni hivyo hivyo: mara ngapi umeutafuta ukakuta kifungio chake kimezikwa chini ya kava jipya?

Sisi abiria wa Noah na Hiace hatuna cha kuchagua. Mwaka 2020, wakati wa corona, wote tulijifunza neno "levo siti", yaani asisimame mtu, tukahesabu vichwa na viti. Viti vyenyewe vina nini ndani, hakuna aliyeuliza. Askari wa usalama barabarani nimewaona wakikagua tairi, taa, kizimamoto na pembetatu, na nawashukuru. Sijamwona hata mmoja akiingia akakaa. Ndugu zangu askari, nanyi wa LATRA mnaotoa leseni, kaeni. Dakika moja kwenye kila siti, bila mto wala koti, mtajua gari lipi lipumzishwe.

Kitenge nimekishona. Ile Noah bado inapiga njia, nimeiona jana ikipakia. Ukiipanda, siti ya safu ya kati, upande wa dirisha nyuma ya dereva, mwachie konda.