Goli Moja la Mama, Mashine Moja ya Kushtua Moyo

Makamanda, leo siandiki kuhusu Tume ya Uchaguzi. Naandika kuhusu mpira. Najua wapo watakaosema huyu dada kaacha hoja ya Katiba Mpya kakimbilia michezo. Nisomeni mpaka mwisho, halafu mniambie kama nimetoka nje ya mstari.

Mwaka juzi nikiwa likizo nilienda kuangalia fainali ya ndondo mtaani kwetu. Bingwa anachukua mbuzi na seti ya jezi. Kipindi cha pili winga mmoja, kijana aliyekuwa nyuma yangu madarasa mawili shule ya msingi, alianguka peke yake. Hakuguswa na mtu. Upande wetu tukamzomea, eti anapoteza muda. Na mimi nilicheka. Siku zote nitabaki nalo hilo.

Tulipogundua kwamba haamki, kila mtu akawa daktari. Huyu anamwagia maji, yule anampepea kwa jezi, mwingine anamlazimishia kijiko mdomoni akidhani ni kifafa. Mwisho akapakiwa mshikaki kwenye bodaboda kupelekwa zahanati. Alifika ameshafariki. Hakuna aliyepima kujua kilichomuua. Mtaani wakasema karogwa, tukazika, wiki iliyofuata mpira ukaendelea.

Hadithi kama hii kila mmoja wenu anayo. Desemba 2016, uwanja wa Kaitaba, Bukoba, Ismail Khalfan wa timu ya vijana ya Mbao FC alifunga goli, dakika chache baadaye akaanguka na kufariki. Agosti 1989 jijini Lagos, Samuel Okwaraji alianguka akiichezea Nigeria dhidi ya Angola. Alikuwa na miaka 25, na alikuwa mwanasheria. Juni 2003 ilikuwa zamu ya Marc-Vivien Foé wa Cameroon, mjini Lyon, dunia nzima ikitazama.

Sasa tazama upande wa pili. Machi 2012 Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka jijini London akiichezea Bolton. Moyo wake haukufanya kazi kwa dakika 78, akashtuliwa mara 15, na yuko hai. Juni 2021 Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen. Wenzake waliita msaada mara moja, kifua kikabonyezwa, mashine ikamshtua mara moja, moyo ukarudi. Miaka mitatu baadaye, kwenye Euro 2024, alifunga goli dhidi ya Slovenia.

Mungu ni wetu sote. Tofauti kubwa ni kwamba pale palikuwa na watu wanaojua la kufanya na mashine iko karibu.

Mashine yenyewe inaitwa difibrileta, na haina uchawi. Mara nyingi mchezaji anapoanguka ghafla, moyo unakuwa umeacha kudunda kwa mpangilio, unatetemeka tu bila kusukuma damu. Kubonyeza kifua kunasukuma damu kidogo ifike kwenye ubongo. Umeme wa mashine ndio unaoukatiza ule mtetemo ili moyo uanze upya. Zile za kuweka viwanjani zinaongea zenyewe: bandika hapa, simama pembeni, bonyeza. Zinapima moyo kwanza, na kama mtu hahitaji kushtuliwa hazimshtui. Mwalimu wa michezo anaweza kuitumia, hata kitmeneja.

Lakini haina subira. Kila dakika inayopita bila msaada, nafasi ya kupona inapungua kwa asilimia 7 hadi 10. Piga hesabu wewe mwenyewe: bodaboda, foleni, barabara ya vumbi, zahanati imefungwa jioni. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inafanya kazi kubwa, ila iko Dar. Aliyeanguka Songea hawezi kuisubiri.

Watasema ni ghali. Haya, tuongee hela. Mashine moja inauzwa kati ya dola 1,000 na 2,000 hivi, yaani ndani ya shilingi milioni tano au juu yake kidogo. Mwaka 2023 Rais alianza kutoa milioni tano kwa kila goli la Simba na Yanga kwenye mashindano ya Afrika. Tuliita Goli la Mama, tukashangilia wote, na mimi ni mwananchi wa Yanga, sijifichi. Lakini kumbe kila goli lilikuwa na thamani ya mashine moja! Nchi yenye hela ya kupongeza goli haiwezi kusema haina hela ya kumrudisha mfungaji akianguka.

Halafu kuna viwanja vyenyewe. Kirumba, Sokoine, Ali Hassan Mwinyi: vilijengwa kwa nguvu na michango ya wananchi enzi za chama kimoja. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, viwanja vikabaki mali ya CCM. Hoja ya kuvirudisha kwa umma tutaendelea nayo. Ila kwa leo nauliza swali dogo: chama kinachopokea mgao wa viingilio, kimeweka nini pale kwa ajili ya kijana anayekufa katikati ya uwanja wake?

Nikiwa mwaka wa pili tulisoma kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson ya 1932, ile ya konokono kwenye chupa ya soda ya tangawizi. Funzo lake ni rahisi: unawajibika kuchukua tahadhari kwa mtu ambaye ungepaswa kujua kwamba uzembe wako utamuumiza. Msingi huo tumeurithi na mahakama zetu zinautumia. Ibara ya 14 ya Katiba yetu inatambua haki ya kuishi na ya kupata hifadhi ya maisha kutoka kwa jamii. Sisemi kesho nitafungua kesi nishinde. Ninachosema ni kwamba anayekata tiketi, anayekodisha uwanja na anayepanga ratiba hawezi kunawa mikono na kusema ni kazi ya Mungu.

Italia walishapita hapa. Piermario Morosini alifariki uwanjani Pescara Aprili 2012. Mwaka uliofuata wizara yao ilitoa amri ya kuvitaka vilabu vya michezo, hata vya ridhaa, viwe na mashine na watu waliofundishwa. Sisi tuna Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967. Ni wakati wa kuifungua na kuweka masharti hayo, hasa sasa ambapo AFCON 2027 inakuja nyumbani. Wageni watawekewa mashine, hilo sina shaka. Je, zitabaki wakishaondoka, au zitafungiwa kabatini na funguo anayo mkubwa mmoja aliye safarini? Mashine iliyofungiwa ni pambo. Betri na vibandiko vyake navyo vina muda wa kuisha, kwa hiyo lazima awepo mtu mwenye jina anayevikagua.

Wapo watakaouliza, mbona zahanati zenyewe hazina hata glovu? Ni kweli, na ndiyo maana tuko upinzani. Lakini kubonyeza kifua hakuhitaji bajeti. Mikono tunayo.

Na hapa ndipo nageuka kwetu, makamanda, mniwie radhi. Sisi vijana wa chama tunaandaa mabonanza kila mwaka. Tunakodi spika, tunachapisha fulana, tunamwalika mgeni rasmi. Bonanza la mwisho nililohudhuria, huduma ya kwanza ilikuwa katoni moja ya maji. Tukimuuliza waziri tukiwa hivyo, atatucheka, na atakuwa na haki.

Kwa hiyo napendekeza tuanze sisi. Bonanza lolote la chama lisianze bila watu watano waliofundishwa kubonyeza kifua. Tuna wauguzi na wanafunzi wa udaktari humu humu, tuwaombe Jumamosi moja. Fulana za bonanza lijalo tuzipunguze, tuanze kuchangia mashine ya kwanza ya jimbo, iwe inazunguka kwenye ndondo za mitaa bila kuuliza kadi ya mtu. Halafu twende kwa madiwani na swali moja la maandishi: uwanja wa kata yetu, mtu akianguka leo saa kumi na moja jioni, nani anafanya nini?

Yule winga angekuwa na miaka 21 sasa hivi, kwenye uchaguzi ujao angepiga kura. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka alipolala, na nilichojua kufanya ni kucheka, halafu kulia. Mwezi uliopita nimejifunza kubonyeza kifua. Ilinichukua asubuhi moja.