HONGERA IMEKOSA NINI?

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Methali hii hunijia kila nisikiapo neno "felicitations" likitamkwa jukwaani siku ya zawadi.

Kwanza hebu tulielewe. Neno hilo la Kiingereza lina asili ya Kilatini "felix", yaani mwenye furaha au bahati. Maana yake ni pongezi, lakini si pongezi za kila mahali. Waingereza wenyewe wakikutana husema "congratulations". Lile jingine huliweka kwa barua rasmi na salamu za viongozi wa nchi. Basi anayemwandikia rafikiye kadi ya "felicitations" ni kama mtu aliyevaa suti kwenda kuteka maji!

Sasa tazama hazina yetu. Mama akijifungua salama, au mtu akifaulu mtihani, tunasema hongera. Aliyejitahidi kishujaa tunampa heko. Katika hotuba na barua tunatoa pongezi. Hata shabashi tunayo, iliyotoka kwa Waajemi, ambayo asili yake ni "uwe na furaha". Furaha ni ile ile ya Walatini!

Kuna watakaoniuliza, "Si hata hilo limekopwa?" Naam, limekopwa. Lakini nyanya yako akilisikia analielewa.

Hapo ndipo penye uchungu. Sisi ni wanafunzi wa kutwa. Mzazi amefunga kibanda chake cha mboga, amelipa nauli ya matatu, ameketi nyuma kabisa. Jina la mwanawe linaitwa, Kizungu kinamwagika, kisha anamgeukia jirani na kuuliza, "Kwani amefanya makosa gani?" Jameni, furaha gani hiyo isiyomfikia aliyelipa karo?

Wengine husema Kiswahili si lugha ya shughuli rasmi. Si kweli. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Sikichukii Kiingereza, nacho nakisoma kwa bidii. Naomba tu kwamba siku ya zawadi ijayo, kila jina likiitwa, neno la kwanza liwe hongera. Kiingereza kifuate baadaye. Shime wanachama, tuanze sisi wenyewe. Na kwa wote waliopanda hata nafasi moja muhula huu: hongereni!