Maumivu sugu yasipuuzwe, wala tiba mpya isishangiliwe mapema

Mwalimu anayelalamikia mgongo mwaka nenda mwaka rudi, ilhali picha ya eksirei haionyeshi kasoro yoyote, hatimaye hutiliwa shaka. Wakubwa wake humwona mtoro. Mwanafunzi aumwaye kichwa kila wiki naye hudhaniwa anaukimbia mtihani. Dhana hizi zinawaumiza watu wasio na hatia, na sayansi haiziungi mkono.

Maumivu yaendeleayo kwa zaidi ya miezi 3 madaktari huyaita sugu. Jeraha huweza kupona kabisa, lakini mishipa ya fahamu na ubongo vikaendelea kupiga mbiu ya hatari. Aumwaye hukosa usingizi. Akikosa usingizi, uchungu humzidi kesho yake. Na hali hiyo ikidumu, huzama katika huzuni nzito iitwayo sonona. Hilo ni fundo moja, si matatu. Kumpa mgonjwa huyo vidonge vya kutuliza maumivu na kumwambia aende zake hakutoshi hata kidogo.

Ndiyo maana watafiti wamevutiwa na mbinu za kuuchochea ubongo pasipo kulipasua fuvu. Wazo lenyewe ni kongwe. Katika karne ya 1, tabibu wa Kirumi Scribonius Largus aliandika juu ya kutuliza maumivu ya kichwa kwa samaki wa jamii ya taa ambaye mwili wake hutoa umeme. (Mvuvi aliyewahi kushtuliwa na samaki huyo huenda akasema heri kichwa kiendelee kuuma!) Mwaka 1985, Anthony Barker na wenzake mjini Sheffield, Uingereza, walionyesha kwamba mapigo ya sumaku kutoka kwa koili iliyowekwa juu ya kichwa huweza kuuamsha ubongo. Mbinu nyingine hupitisha kichwani mkondo hafifu wa umeme, kwa kawaida wa miliampea 1 au 2.

Marekani iliidhinisha tiba ya sumaku kwa sonona mwaka 2008. Kuhusu maumivu sugu, hata hivyo, ushahidi ungali dhaifu. Watafiti wa Cochrane walipochunguza majaribio 94 mwaka 2018, waliona dalili za nafuu ya muda mfupi tu katika baadhi ya mbinu, na mengi ya majaribio hayo yalikuwa madogo mno kutegemewa.

Kwa hiyo tunasikitishwa na wauzao vifaa vya umeme wa kichwani kana kwamba ni dawa ya kila ugonjwa. Mwenye kifafa, au aliye na chuma kichwani, anaweza kudhurika, na hapana awezaye kumpima mtu kwa kumtazama tu akiwa dukani.

Wakati utafiti ukiendelea, yako mambo yasiyohitaji mtambo wowote: mazoezi ya mwili yanayoongezwa polepole, mafunzo ya kurekebisha usingizi, na kuitibu sonona bila kuionea haya. Mkuu wa shule naye, kabla hajaandika barua ya onyo, na amwulize mwalimu wake hulala saa ngapi usiku.