Shule za Kulipia na Watoto Wetu Wachanga

Nataka kusema neno ambalo najua halitawapendeza wengi wa jirani zangu hapa Ikuti, wala halitawapendeza wenye shule. Siku hizi mzazi wa Rungwe akipata fedha kidogo, ya chai au ya ndizi au ya maziwa, jambo la kwanza analolifikiri si dirisha la nyumba yake, wala si ng'ombe wa pili. Ni kumtoa mtoto wake wa miaka minne katika darasa la awali la kijijini na kumpeleka shule ya kulipia, mahali ambapo kila neno, tangu salamu ya asubuhi mpaka wimbo wa kuagana, ni Kiingereza. Na jirani akiuliza kwa nini, hujibiwa kwa maneno matatu tu: "Kule wanasema Kiingereza." Jibu hilo limekwisha kuwa hoja kamili kwetu. Mimi nasema si hoja.

Sina ugomvi na shule kwa sababu ina mwenyewe. Shule za kwanza za nchi hii ya Rungwe hazikuwa za serikali. Wamoravian walifika mwaka wa 1891, na kwa miaka mingi mtoto aliyejua kusoma katika milima hii alijifunza katika shule ya misheni. Baadaye sheria ya elimu ya mwaka wa 1969 ilifungua njia ya kuzitia shule za namna hiyo mikononi mwa serikali. Na sera ya elimu ya mwaka wa 1995 ikawafungulia tena mlango watu binafsi, makanisa na mashirika waanzishe shule za awali na za msingi. Huo ni uhuru mwema. Mtu awekaye shule yenye mwalimu aliyefunzwa, choo safi, uji wa moto na uwanja wa kuchezea amewafaa watoto, na anastahili ada yake. Ninalolipinga ni biashara ya kuuza lugha badala ya elimu, na sisi tunaonunua bila kufungua gunia tuone kilichomo.

Mtoto wa Ikuti haji shuleni mtupu. Akiwa na miaka minne amekwisha kujua mengi kwa Kinyakyusa: ajua kuku wa mama yake ni wangapi na yupi hakurudi jana jioni; ajua mkungu uliokomaa na usiokomaa, njia ya kwenda mtoni, na jirani asiyependa kelele. Akiingia darasa la Kiswahili hukutana na lugha ya pili, lakini lugha hiyo ni ndugu ya lugha yake. Yeye husema inyumba, mwalimu asema nyumba. Yeye husema ing'ombe, mwalimu asema ng'ombe. Na wanapohesabu vitu vitatu, mzizi ni ule ule kwa lugha zote mbili. Daraja ni fupi, na mwalimu mwenye busara humshika mkono akavuka. (Yuko pia mwalimu asiye na busara, amchapaye mtoto kwa neno la Kinyakyusa katika juma lake la kwanza, huyo naye simtetei.) Sasa mchukue mtoto huyo huyo, umwulize kwa Kiingereza kuku ni wangapi. Atanyamaza. Hesabu anaijua na jibu analo, ila mlango wa kulitolea umefungwa. Mwalimu ataandika katika taarifa yake kwamba mtoto ni mzito, na baba aliyekwisha kulipa ada atasoma taarifa hiyo na kulipa tena kwa masomo ya jioni.

Kusoma nako kuna njia yake. Katika Kiswahili kila irabu ina sauti moja, wala haigeuki. Mtoto aliyeshika ba, be, bi, bo, bu, kisha akashika ma, me, mi, mo, mu, aweza siku moja kufungua kitabu ambacho hajakiona na kusoma neno ambalo hajafundishwa, na furaha ya siku hiyo kila mwalimu wa darasa la kwanza anaijua. Kiingereza hakiendi hivyo. Herufi a peke yake ina sauti nyingi, na mtoto hana budi kukariri neno baada ya neno. Wala tusidhani jambo hili ni gumu kwetu tu. Mwaka wa 2003 Seymour na wenzake walitoa uchunguzi wao juu ya watoto wa nchi nyingi za Ulaya wanaoanza kusoma, wakaonyesha kwamba watoto wa Kiingereza huchelewa kuliko watoto wa lugha zenye maandishi yaliyonyooka, kama Kifini. Na hao ni watoto waliozaliwa ndani ya Kiingereza, waliokinyonya kwa mama zao! Sembuse mtoto wa Ikuti, ambaye mama yake hawezi kumsaidia hata kwa neno moja akirudi nyumbani jioni?

Hapa nawakumbusha wasomaji mtu ambaye jina lake halisikiki sana vijijini mwetu, ingawa lingepasa kusikika Rungwe kuliko mahali pengi. Jan Amos Komenský, ambaye wanachuoni humwita Comenius, alizaliwa katika nchi ya Moravia mwaka wa 1592. Alikuwa askofu wa mwisho wa Umoja wa Ndugu wa kale, yaani kanisa lile ambalo Wamoravian wa leo huhesabu kuwa chimbuko lao. Vita vilimfukuza kwao, akatangatanga katika nchi za watu, akafa Amsterdam mwaka wa 1670. Katika zama zake Kilatini kilikuwa kama Kiingereza chetu cha leo: asiyekijua hakupata cheo, hakuwa tabibu, hakuwa mwanasheria, na wazazi walikuwa na haraka ya kuwatia watoto wao ndani yake. Komenský hakuwa adui wa Kilatini. Kitabu chake cha kufundishia lugha hiyo, kilichotolewa mwaka wa 1631, kilienea Ulaya nzima na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Lakini mtu huyo, aliyejua kufundisha Kilatini kuliko walimu wote wa siku zake, alipanga hivi: miaka sita ya kwanza mtoto afundwe magotini pa mama yake, miaka sita ya pili asome katika shule ya lugha ya kwao, na shule hiyo iwe katika kila kijiji, kwa wavulana na wasichana, tajiri na maskini, ndipo akitimiza miaka kumi na miwili aingie shule ya Kilatini. Nawauliza wazazi: kama bingwa wa lugha ya kigeni alisema ingoje, ni nani aliyetuambia sisi kwamba haingoji?

Najua jibu nitakalopewa, nami siwezi kulipita kimya, maana lina uchungu wa kweli. Nitaambiwa: "Mwalimu, maneno hayo ndiyo waliyosema wakoloni. Nao walitaka watoto weusi wasome kwa lugha zao ili wabaki chini." Ni kweli kwamba tume ya Phelps-Stokes, iliyozunguka Afrika ya Mashariki mwaka wa 1924, ilishauri madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha za wenyeji, na ni kweli kwamba watu wengi walishuku, wakasema twanyimwa ufunguo. Huko Kenya, baada ya mafarakano ya mwaka wa 1929 kati ya Wakikuyu na misheni, watu walijitenga, wakajenga shule zao wenyewe, na mojawapo ya madai yao ilikuwa ni kupewa Kiingereza mapema. Siwalaumu. Mkoloni alifundisha kwa lugha ya nyumbani chini, kisha juu akaziba. Wachache tu walipanda. Kosa lake lilikuwa kuziba huko juu. Mimi sisemi mtoto asifundishwe Kiingereza. Nasema asifundishwe hesabu, usafi, na habari za mvua na mbegu kwa lugha asiyoijua, akiwa na miaka minne.

Na kwa kuwa tumezitaja shule zile za Wakikuyu, tazameni jinsi zilivyojengwa. Wazee walitoa ardhi, wanawake wakabeba mawe na maji, kila nyumba ikachanga, na mwaka wa 1939 wakafungua hata chuo cha walimu pale Githunguri. Serikali ya kikoloni ilizifunga nyingi mwaka wa 1952, wakati wa hali ya hatari; lakini mpaka siku ile zilikuwa shule za watu, kwa watoto wa kijiji kizima. Ndiyo maana ya shule kujitegemea. Je, basi dogo linalopita Ikuti alfajiri, katika ukungu na matope, likiokota watoto saba kwa nyumba saba zenye uwezo na kuwapita thelathini wanaotembea kwa miguu, nalo tuliite kujitegemea?

Jambo hili la basi lanitia uchungu kuliko mengine. Mtoto wa miaka minne huamshwa usiku, hulishwa akisinzia, husafirishwa katika baridi yetu mnayoijua, na kurudi jua likizama. Hiyo saa ya kusikiliza hadithi ya bibi, au kumwagia ndama maji, ataipata lini? Wengine walikuwa wakifanya zaidi, wakiwalaza watoto wachanga bwenini, mpaka Kamishna wa Elimu alipotoa waraka mwaka wa 2023 kuwazuia wa chini ya darasa la tano. Wazazi wengi walinung'unika! Walisema serikali inaingilia hiari yao. Hakuna aliyesimama kueleza hiari ya mtoto ilikuwa wapi. Katika shule nyingine mtoto asemaye Kiswahili huvikwa ubao shingoni, auvae mpaka amkamate mwenzake. Tumelipa ada ili wanetu wafundishwe kuionea haya lugha ya nchi yao na kuwasaliti rafiki zao, vyote viwili kwa bei moja.

Watu husema tena: "Lakini sekondari ni Kiingereza." Hapa nawakubalia. Hofu ya mzazi ina msingi, na aliyeiweka hofu hiyo si mzazi. Ni mpango wa elimu unaomfundisha mtoto kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, kisha kumtupa katika Kiingereza siku moja. Jambo hilo limelalamikiwa na wataalamu wa nchi hii kwa miaka mingi, na wenye mamlaka wana haki ya kulaumiwa. Lakini dawa yake ni mwalimu hodari wa somo la Kiingereza katika kila shule ya msingi, kwani mtoto aliyekwisha kujua kusoma hajifunzi kusoma mara ya pili. Huuchukua ujuzi ule ule na kwenda nao katika lugha mpya. Wala tusijidanganye juu ya Kiingereza tunachokinunua. Katika vyumba vingi vya watoto wachanga mwalimu ni binti aliyemaliza kidato cha nne juzi, hakufunzwa ualimu, na Kiingereza chake ni cha kukariri. Mtoto hutoka hapo na nyimbo kumi asizozielewa. Mzazi husikia nyimbo hizo sebuleni mbele ya wageni, naye huridhika.

Sasa nisemeni mniudhi, lakini nitalisema na hili. Watu wanaowahamisha watoto wao ndio wenye sauti kijijini: mwenye duka, mzee wa kanisa, mtumishi wa serikali, na, naam, walimu wenzangu, wanaofundisha watoto wa watu hapa na kuwapeleka wa kwao kwingine. Sera ya mwaka wa 1995 ilitaka kila shule ya msingi iwe na darasa la awali, na ile ya mwaka wa 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima na usio na ada. Darasa liko. Mtoto wa mwenye sauti akiondoka, hakuna tena anayeuliza katika mkutano kwa nini watoto hukaa chini, au kwa nini mwalimu mmoja ana watoto sitini, hali kipimo cha darasa la awali ni 25. Mama mjane aliyebaki huona, lakini hana nafasi ya kusema, na akisema hasikilizwi. Hivyo darasa hudhoofika kwa kuwa tumelikimbia, kisha tunasema tumelikimbia kwa kuwa ni dhaifu.

Kwa wale waliokwisha kuamua kulipa, naomba jambo moja. Kabla ya muhula ujao, nendeni mkaketi darasani asubuhi moja, msitosheke na kuona lango lililopakwa rangi. Hesabuni watoto. Ulizeni cheti cha mwalimu wa wachanga, si cha mwalimu mkuu. Kisha mwacheni mtoto awasimulie, kwa lugha yoyote apendayo, alichokifanya jana. Akiwa hana la kusimulia, mmekwisha kuona ada yenu inakokwenda.

Na kwa tuliobaki, darasa la awali la hapa halina uji. Wilaya hii ina maziwa na ina ndizi, na watoto wanakaa na njaa mpaka saa sita. Katika mkutano ujao wa wazazi nitaomba tuanze kwa siku mbili za juma, Jumatatu na Alhamisi. Debe la kwanza la mahindi litatoka kwangu, na sufuria kubwa ya shule bado ni nzima. Kinachohitajika ni kuni, sukari, na kina mama wawili wa kupika kwa zamu.