Nunda Hakuanza kwa Kula Watu

Vijana wengi wanaoniletea miswada ya filamu za kutisha hapa Rwamishenye humdhihirisha dubwana katika ukurasa wa kwanza. Huko ni kumaliza akiba kabla ya safari.

Katika hadithi ya Sultani Majnuni, aliyoichapisha Edward Steere mwaka 1870 kutoka kwa wasimulizi wa Unguja, kitisho huanza na paka. Paka hula mifugo, mmoja baada ya mwingine, kisha watu. Raia hushtaki, sultani humkingia kifua mnyama wake, hadi wanawe wenyewe wanapoliwa. Filamu ya Jaws, ya mwaka 1975, ina meya asiyetaka kufunga ufuko. Sultani wetu alimtangulia kwa zaidi ya miaka 100.

Kisha kitinda mimba huenda kuwinda. Kila auapo mnyama humpelekea mama yake, naye mama hukana: huyu siye. Washairi mnakitambua hicho. Ni kiitikio, na kila kikirudi hofu huongezeka.

Basi mwandishi wa filamu asiazime meno ya ng'ambo. Aanze na mtawala asiyesikia. Dubwana lingoje zamu yake.