Diski Mbili Hazitoshi

Wako watu hapa shuleni wanaoamini ya kwamba diski mbili zikifungwa pamoja katika kompyuta, basi alama zetu zi salama. Mimi sikubaliani nao, na namwomba Mhariri nafasi nieleze sababu.

Mpango huo huitwa RAID, jina lililoenea kwa makala ya mwaka 1988 ya mabwana Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katika namna tuitumiayo sisi, kila kitu huandikwa katika diski zote mbili, ili moja ikifa nyingine iendelee na kazi. Huo ni msaada mkubwa. Lakini mtu akifuta faili, hufutika kotekote papo hapo.

Muhula huu kompyuta kubwa ya ofisini, itumiayo Linux, iliwashwa baada ya likizo nayo ikakataa kabisa kuzifungua diski hizo. Alama za maendeleo za Kidato cha Nne zilikuwa humo. Fundi aliyeitwa alitaka kuunda safu ya diski upya kwa amri ya mdadm --create. Mwalimu wetu alimzuia, nami nasema alifanya vema sana. Amri ile huandika kumbukumbu mpya juu ya zile za zamani. Mpangilio ukikosewa kidogo tu, yaliyomo huenda yasisomeke tena. Ajabu ni kwamba watu huiona amri hiyo kuwa dawa ya kwanza!

Mwalimu alisoma kwanza faili iitwayo /proc/mdstat. Humo alikuta alama [UU], maana yake diski zote mbili zi kazini. Kumbe hapakuwa na ugonjwa, ila jina: safu ilikuwa imejiita md127, na orodha ya /etc/fstab iliendelea kuitafuta kwa jina la md0, kwa kuwa haikuwa imeandikwa katika mdadm.conf. Alitafuta kwa blkid ile namba ndefu ya UUID, ambayo haibadiliki jina likibadilika, akaiweka katika orodha mahali pa md0. Faili zikafunguka zote.

Kama angeona [U_], diski moja ingekuwa imetoka. Hapo yafaa kutumia mdadm --examine na kulinganisha hesabu ya matukio ya kila diski, maana iliyobaki nyuma huwa na hesabu ndogo. Wala mtu asilazimishe kwa --force kabla ya kunakili diski zenyewe.

Kwa hiyo nawaomba wakubwa wa shule, pamoja na wazazi katika mkutano wao, wanunue diski moja ya nje. Alama zinakiliwe humo kila Ijumaa, kisha ichomolewe na kufungiwa kabatini kwa Mkuu wa Shule. Wasemao ni gharama wahesabu kwanza siku ambazo walimu wangetumia kukusanya alama zile upya kutoka katika madaftari, kama madaftari yenyewe yangalipo.