Tuwatazame Ndege wa Maji, Tuyalinde Maji Yetu

Ndugu wazazi na vijana, mwezi huu hatuzungumzii vidonge wala sindano. Tunazungumzia ndege. Msishangae. Sisi tuliofanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi tumejifunza kwamba afya ya nyumba huanzia nje ya nyumba, na hasa kwenye maji.

Hapa Usa River hatuna haja ya kwenda mbali. Asubuhi yangeyange weupe hufuatana na ng'ombe, wakidonoa panzi wanaoruka mbele ya kwato. Kando ya mfereji husimama korongo wa kijivu, shingo ameikunja, hatikisiki. Mtoto atadhani ni kijiti. Ghafla shingo inanyooka, na chura amekwisha kukamatwa. Ukipanda gari hadi Tengeru na kutembea kidogo unafika ziwa Duluti, ambalo limejaa katika shimo la volkano na kuzungukwa na msitu wa hifadhi. Huko utamwona mnandi akikausha mabawa juu ya tawi, na mdiria akijitupa majini. Na katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960, yako maziwa ya Momela, ambako heroe hula vijimea vidogo vya maji ya magadi. Maji hayo yanamfaa heroe, lakini sisi hayatufai. Yana floraidi nyingi mno, madini yale yanayotia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia na kupinda mifupa, na kuyachemsha hakuyaondoi. Basi anayewajua ndege ameanza kuyajua maji.

Kwa nini muuguzi aseme haya? Tuna sababu mbili.

Ya kwanza ni mwili na moyo. Wagonjwa wa presha na wa kisukari tunawaambia watembee dakika 30 kwa siku, angalau siku 5 za juma. Wengi hutujibu, "Nitembee niende wapi, na shamba limenichosha?" Twawaambia: nendeni mkawaone ndege, na mjukuu mkononi. Ukimtazama korongo huwezi kupiga kelele wala kuharakisha. Unasimama, unapumua, unasahau deni kwa robo saa. Tumewaona wafiwa waliokuwa hawasemi na mtu wakianza kusema tena kwa jambo dogo kama hilo. Hatusemi kwamba ndege ni dawa. Vidonge vya presha endeleeni kuvimeza kama mlivyoelekezwa.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Msimu mmoja wa nyanya tulimpokea mtoto wa miaka 4. Mate yalimtoka, jasho lilimtiririka, mboni za macho zilikuwa ndogo kama ncha ya sindano, na alipumua kwa shida. Baba yake alikuwa amemimina dawa ya wadudu katika chupa ya soda na kuiweka chini ya kitanda. Nyumbani walimnywesha maziwa kwanza, na saa nzima ikapotea. Tulihangaika naye siku mbili usiku na mchana, akapona. Baba huyo alitueleza jambo ambalo hatujalisahau. Juma lile lile alikuwa ameosha bomba la kunyunyizia dawa mferejini. Jioni aliona vyura wakielea matumbo juu, na yangeyange mmoja amekufa ukingoni. Alipita akaenda zake. Mke wake alikuwa akichota maji ya kupikia katika mfereji ule ule, huko chini.

Hatukumpima ndege yule, na si kila ndege anayekufa ameuawa na sumu. Lakini aliyekuwa amezoea kuwatazama angalisimama na kujiuliza.

Wenzetu walijiuliza. Huko Uingereza viota vya korongo wa kijivu, ndege yule yule tunayemwona hapa, vimehesabiwa kila mwaka tangu 1928, na wanaohesabu wengi ni watu wa kawaida wanaojitolea. Katika miaka ya 1960 wataalamu walikuta sumu za mashambani, kama DDT na dieldrin, ndani ya miili na mayai ya korongo. Maganda ya mayai yalikuwa membamba, yakavunjika kiotani. Sumu ilitoka shambani ikaingia majini, ikapanda kutoka kwa mdudu hadi kwa samaki, na kutoka kwa samaki hadi kwa korongo, ikizidi kila hatua. Na samaki huliwa na korongo peke yake? Sisi pia tunamla.

Kuna watakaosema kwamba bila dawa nyanya hazitoki, na watoto wanasomeshwa kwa nyanya. Ni kweli, nasi hatumlaumu mkulima. Tunachokataa ni uzembe. Kwa hiyo tunawaomba:

1. Msioshe bomba la dawa wala kutupa makopo yake mtoni au mferejini.

2. Dawa ikae katika chombo chake chenye maandishi, ndani ya sanduku lenye kufuli. Isiwekwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji.

3. Mtu akinywa dawa ya shamba, msimpe maziwa wala kumtapisha. Mvueni nguo zilizolowa dawa, mwosheni kwa sabuni na maji mengi, kisha mleteni hospitali mara moja pamoja na kopo la dawa.

4. Mkiona ndege au samaki wengi wamekufa, msiwashike kwa mikono mitupu wala kuwala. Watoto wasichezee hapo. Mwambieni mwenyekiti wa kijiji au bwana afya.

5. Mnapotazama ndege, kaeni ukingoni. Korongo hapati kichocho, bali mtoto anayeogelea katika maji yaliyotuama aweza kukipata.

6. Manati ziachwe nyumbani.

Jumapili moja baada ya Misa, chukueni watoto mwende kando ya mto. Hesabuni yangeyange. Andikeni idadi nyuma ya daftari la shule, pamoja na tarehe. Mwezi ujao rudieni. Idadi ikipungua, huenda wamehamia tu penye malisho, au mvua zimebadilika. Lakini nyumba inayohesabu itakuwa ya kwanza kuuliza maji yamepatwa na nini, kabla sisi hatujaulizwa hilo wodini.